Barua kwa mwanangu: karatasi za Machi na goli la uani

Tanga, 5 Machi 2026

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, Bibi anakusalimu. Kwa kuwa nitakuwa huku mpaka Idi ipite, karatasi zetu za kubashiri mashindano ya mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, zile ambazo kila mmoja anajaza nani atashinda kila mechi, mwaka huu ni zako kuzisimamia. Nakuandikia mapema ili usinipigie simu usiku wa manane.

Kwanza saa. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 8 mnasogeza saa mbele, kwa hiyo tofauti yenu na sisi inapungua kutoka saa nane hadi saba, na futari ya kwenu Lexington, Kentucky, inaruka ghafla hadi kama saa moja na dakika arobaini usiku. Jumapili inayofuata, tarehe 15, saa kumi na mbili jioni, ndipo timu 68 zinatangazwa. Mechi nne za mchujo zinazochezwa Dayton Jumanne na Jumatano usizihesabu. Karatasi zinafungwa Alhamisi tarehe 19 saa sita mchana, maana mechi ya kwanza haikawii baada ya hapo. Lakini Idi inategemewa Ijumaa, na siku ya maandazi na biriani hakuna atakayekumbuka kalamu. Zikusanye Jumatano baada ya futari.

Hesabu yake ni hii: mechi ya raundi ya kwanza pointi 1, ya pili 2, halafu 4, 8, 16, na fainali 32. Mechi zinapungua nusu kila pointi zinapoongezeka maradufu, kwa hiyo kila raundi ina pointi 32 na karatasi nzima ni 192. Ukipata mtu ana zaidi ya hapo, umekosea kujumlisha. Maana yake ni kwamba bingwa peke yake ana uzito sawa na mechi zote 32 za Alhamisi na Ijumaa. Mwambie mdogo wako aanze kujaza kutoka mwisho: bingwa, kisha atakayefungwa fainali, kisha wale wengine wawili wa nusu fainali, hivyo hivyo kurudi nyuma. Yeye hupenda kuanzia juu kushoto, na akifika kati anakuta bingwa wake alishamtoa raundi ya pili.

Kila mmoja aandike pia jumla ya pointi za fainali, ya kuamulia wakilingana. Mwaka jana Florida iliifunga Houston 65–63, jumla 128. Mwaka 2019 Virginia iliifunga Texas Tech 85–77, jumla 162, ila mle mna dakika tano za nyongeza. Andika juu ya karatasi kwamba za nyongeza zinahesabiwa. Usipoandika, shangazi yako atakupeleka mahakamani.

Kuchagua sasa. Namba ni cheo ambacho timu hupangiwa katika kundi lake, 1 ndiyo bora na 16 ya mwisho. Namba 1 dhidi ya namba 16 usihangaike nayo: kwa wanaume namba 16 ameshinda mara mbili tu, UMBC dhidi ya Virginia 2018 na Fairleigh Dickinson dhidi ya Purdue 2023. Namba 8 na 9 ni kama kurusha shilingi. Mahali pa kutumia akili ni namba 5 dhidi ya namba 12. Kuna mechi nne za namna hiyo kila mwaka, na tangu 1985 namba 12 ameshinda karibu moja kwa kila tatu. Mara nyingi huyo 12 ni bingwa wa ligi ndogo, wachezaji wake wamekaa pamoja miaka mitatu minne, na yule 5 ni timu ya ligi kubwa iliyochoka. Chagua mmoja, wakizidi wawili. Ukichukua wote wanne unatafuta sifa.

Kentucky yetu ipende, ila usiipeleke mbali kwa mapenzi. Mwaka 2022 ikiwa namba 2 ilitolewa na Saint Peter's, namba 15, kwa 85–79. Mwaka 2024 ikiwa namba 3 ikafungwa na Oakland 80–76, Jack Gohlke akitumbukiza mitupo 10 ya pointi tatu. Timu inayotegemea mitupo ya mbali inaweza kumwangusha yeyote siku moja. Ipe raundi moja tu. Oakland ilitolewa na NC State mechi iliyofuata.

Wanawake wana karatasi yao, na usichague kwa kanuni hizi. Kule timu 16 bora zinacheza raundi mbili za kwanza nyumbani kwao, mbele ya watu wao, ndiyo maana vigogo hawaanguki ovyo.

Bibi ameshatoa jibu: UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, kama kila mwaka, kwa ajili ya mchezaji Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeifikisha nusu fainali mwaka 2009 wakafungwa na Michigan State. Usimcheke. UConn ilichukua ubingwa 2023 na 2024.

Halafu goli la uani. Kabla hamjacheza, inamisha kitako chake ukiangalie chini. Ndani kuna maji, na maji yakiganda yanatanuka na kupasua plastiki kwenye kona. Ukiona ufa, mwaga maji yote ujaze mchanga mkavu, maana haugandi wala haupasui kitu. Wavu mpya una vitanzi 12. Anza na vinne vinavyotazamana, ndipo ujaze katikati, la sivyo utavutika upande mmoja. Toka ardhini hadi ukingo wa ringi pima mita 3.05. Mstari wa mtupo huru ni mita 4.57 kutoka usawa wa ubao, siyo kutoka kwenye nguzo. Ule wa mwaka jana ulipimwa kwenye nguzo, ndiyo maana mdogo wako anajiona bingwa. Mpira uliolala gereji utakuwa laini. Usiupige pampu ukiwa wa baridi, uache ndani saa nzima kwanza, ulowanishe sindano, kisha ujaze hadi psi 8 kwenye kipimo cha pampu.

Ile miti inayotoa maua ya zambarau kwenye matawi makavu, kabla hata ya jani moja, isikudanganye. Sakitu hurudi mwezi wa nne. Mbegu za mchicha zikae kabatini mpaka Derby, zile mbio za farasi za mwanzoni mwa Mei, ipite.

Jumatano tarehe 18 nitumie picha za karatasi zote saa tatu usiku. Huku itakuwa saa kumi alfajiri, Bibi yuko kwenye daku, na atataka kuona UConn yake imeandikwa mpaka mwisho.

Baba yako