Tatu, tafuta daftari kabla ya kutafuta cheti

Tanga, 29 Januari 2023

Mpendwa Tatu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili Mama alikuwa pembeni yangu, anachambua mchele. Aliposikia sauti ya Baba yako kwa nyuma akiuliza, "Hivi kweli mwaka huu na sisi wazee tumo?" aliweka ungo chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwambie Baba ni kweli. Tarehe 9 mwezi huu, pale Jeddah, Waziri wa Hija wa Saudi Arabia, Tawfiq Al-Rabiah, ametangaza kwamba idadi ya mahujaji inarudi kama ilivyokuwa kabla ya korona, na kikomo cha umri kimeondolewa. Unakumbuka Aprili mwaka jana tulivyopigiana simu? Walisema mahujaji watakuwa milioni moja, kutoka nje na ndani ya Saudia, wote wawe chini ya miaka 65, wawe wamekamilisha chanjo, na wa nje waje na majibu ya PCR, kile kipimo cha korona cha kijiti puani, ya ndani ya saa 72. Mama alikuwa na miaka 68. Alikuwa ameweka akiba tangu marehemu Baba yangu yuko hai. Mwaka 2020 na 2021 hakuna wa nje aliyeruhusiwa, akasubiri. Lango likafunguliwa, akaambiwa umri wake umepita. Hakulalamika hata neno moja. Alilikunja lile gauni lake jeupe aliloshonesha, akalirudisha sandukuni, akafunga na kufuli. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala usiku ule.

Sasa nikujibu uliyoniuliza, maana muda ni mfupi na Lindi mko mbali na ofisi nyingi.

Umesema Baba yako alichanjwa korona mara moja tu, ile chanjo ya Janssen ya mwanzo, kadi imepotea, na jina kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA halifanani na la pasipoti. Tatu, hilo la jina ndilo lililonipa homa zaidi ya sindano yenyewe. Ngoja nikueleze yaliyomkuta Mama, ili wewe usiyapitie.

Yeye alichanjwa Agosti 2021, wiki chache baada ya zile dozi 1,058,400 kuingia nchini na Rais Samia kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Walikuja wahudumu mpaka mtaani, wakaweka meza chini ya mwembe, kijana mmoja anaandikisha kwa simu, muuguzi anachoma, mwingine anaandika kwenye daftari. Foleni ndefu, jua kali. Mama akataja jina lake kama tunavyomwita nyumbani, akataja majina mawili, na namba ya simu akatoa ya jirani kwa sababu yake ilikuwa haina chaji. Akapewa kadi ya karatasi imeandikwa kwa kalamu. Tukashukuru Mungu, tukaenda zetu.

Miezi minane baadaye natafuta cheti cha chanjo chenye msimbo wa QR, kumbe ujumbe wenye namba ya kukipatia uliingia kwenye simu ya jirani, naye alishabadilisha laini na kuhamia Handeni. Kadi nayo ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, masika bati likavuja, wino ukatawanyika. Jina linasomeka, namba ya bechi haisomeki. Nilipofanikiwa kupata cheti, kina majina mawili na herufi moja imerukwa, wakati pasipoti ina majina matatu. Mtu wa uwanja wa ndege hamjui Mama yangu. Anachokijua ni kwamba karatasi hii na pasipoti hii si za mtu mmoja.

Nilipokwenda kuomba marekebisho nilizungushwa wiki tatu, sehemu tatu tofauti. Kuna aliyeniambia, "Mchanjeni upya tu, cheti kipya kitatoka." Nilikasirika sana, Tatu. Mzee wa miaka 68 achomwe dawa ambayo mwili wake hauihitaji siku hiyo, ili kurekebisha herufi? Na kwenye duka moja la kuchapisha, kijana alinivuta pembeni akasema atanitengenezea cheti safi, jina lolote nitakalo, kabla ya adhuhuri. Sikufichi, nilisimama pale kama dakika nzima. Nilikuwa nimechoka. Halafu nikajiuliza nitamwambiaje Mama, yeye anayekwenda kuomba msamaha kwenye nyumba ya Mungu, kwamba nimempa karatasi ya uongo aingie nayo. Nikaondoka.

Kilichotuokoa ni lile daftari. Nilirudi kwenye zahanati iliyotuma wale wahudumu, nikamkuta muuguzi mwenye subira, akafungua kurasa za Agosti moja moja na kidole. Mstari wa Mama ulikuwepo: tarehe, aina ya chanjo, namba ya bechi, hata mtaa. Kwa mstari ule mmoja, na nakala za pasipoti na kitambulisho, mfumo ulirekebishwa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo usianze na intaneti, wala usianze na mjini. Anza pale pale Baba alipochanjwa. Muulize mwezi, na kama hakumbuki muulize ilikuwa kabla ya msiba gani au baada ya harusi ya nani, wazee wanakumbuka hivyo. Nenda asubuhi kabla ya kliniki ya watoto kujaa. Chukua pasipoti, kitambulisho, na hati ya kiapo kama majina yanatofautiana sana. Na usiruhusu mtu aguse cheti kabla hujaamua jina lipi ndilo la mwisho: liwe la pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule.

Umeuliza kama achomwe dozi ya nyongeza. Hapa niruhusu niongee kama mtoto wake. Tutenganishe karatasi na mapafu. Kwa karatasi, Hija ya mwaka jana walitaka dozi za msingi zikamilike, na Janssen moja ilihesabiwa kamili. Lakini hesabu hizi hazifanani kila mahali. Binamu yangu aliye Hamburg alichanjwa Janssen hiyo hiyo. Mpaka katikati ya Januari mwaka jana alihesabiwa amekamilisha, baada ya hapo Ujerumani ikasema dozi moja haitoshi tena. Mkono ule ule, dawa ile ile, amelala amekamilika ameamka amepungukiwa.

Kwa mapafu ya Baba, mimi nasema achomwe. Ana miaka 70 na kisukari. Tangu Desemba 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri dozi ya pili kwa waliopata Janssen, miezi 2 hadi 6 baada ya ile ya kwanza, kwa sababu kinga inaongezeka sana, na wazee na wenye maradhi ya kudumu ndio wanaowahimiza zaidi. Baba amekaa mwaka na nusu na dozi moja. Fikiria Mina, mahema yamepangana, watu wanakohoa usiku kucha, na yeye anatembea juani na sukari yake. Mama alipata ya nyongeza Oktoba, mkono ukamuuma siku mbili, akanywa uji akalala, yakaisha. Akichomwa Baba, simama pale pale uangalie muuguzi anavyoandika: tarehe, aina, bechi, jina. Piga picha kadi kabla hamjatoka mlangoni, unitumie na mimi niihifadhi huku.

Usisahau chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Watu wameishika korona mpaka wameisahau hii, na bila hii Baba hapandi ndege. Ni ile inayokinga aina nne za ugonjwa huo, ACYW, na lazima ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika Saudia. Inaandikwa kwenye kile kijitabu cha njano, pamoja na homa ya manjano. Kuna aina yake inayotambuliwa kwa miaka 3 na nyingine kwa miaka 5, hivyo aina ya chanjo iandikwe wazi. Homa ya manjano kama alishachanjwa zamani asirudie. Tangu Julai 2016 kadi ile ni ya maisha, hata kama ndani imeandikwa miaka 10.

Ustadh anayetufundisha darsa la Hija hapa Tanga alitueleza sababu yake, nikaona niandike na kwako kwa kuwa Baba ni mtu wa kuuliza "kwa nini". Mwaka 1987 ugonjwa huu uliwapiga mahujaji, ndipo chanjo ikawa sharti. Mwaka 2000 na 2001 ukaja tena kwa sura nyingine, W135, ambayo chanjo ya wakati ule haikuikinga, watu wakarudi nao makwao, wakawaambukiza wa nyumbani. Ndiyo ikaletwa ya aina nne. Na zamani zaidi, baada ya kipindupindu cha 1865 kule Makka, mahujaji waliotokea upande wetu wa Bahari ya Hindi walikuja kushushwa kwenye kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, wakae karantini kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Mama aliposikia hivyo alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi sisi tumechomwa sindano tu." Tangu siku ile hanung'uniki ninapomtoa nyumbani alfajiri kwenda kupanga foleni.

Kuhusu kipimo cha PCR, usilipe chochote sasa. Machi mwaka jana Saudia iliondoa PCR kwa wanaoingia, tukashangilia, mwezi mmoja tu baadaye ikarudi kwa ajili ya Hija. Ngoja kiongozi wa msafara wenu awaonyeshe masharti ya mwaka huu kwa maandishi. Sikiliza lakini yaliyompata Mjomba, maana yeye ana miaka 61 na aliruhusiwa kwenda Hija ya mwaka jana. Tulitoka Tanga kwa basi, akapimwa Dar Jumapili saa tatu asubuhi, safari ikiwa Jumanne usiku. Hesabu ilikaa vizuri. Jumatatu jioni tukaambiwa ndege ya kundi lao imesogezwa mpaka Alhamisi. Saa 72 zinahesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, wala si tangu majibu yalipotoka, hivyo Jumatano asubuhi karatasi yake ilikuwa imekufa. Akaingizwa kijiti puani tena, pesa ikatoka tena. Majibu ya pili yalikuja usiku wa manane kwenye simu yangu na duka la kuchapisha limefungwa. Niligonga mlango wa jirani wa shangazi, Kariakoo, ana printa ya kufanyia kazi zake za shule. Mungu amjaalie mama yule, aliamka akatuchapishia nakala mbili bila kuuliza kitu. Kama kipimo kitarudi, Baba alale Dar siku nne kabla, na muwe na fedha ya kupimwa mara mbili.

Nakala nimezifanya hivi: karatasi halisi ziko kwenye mfuko mmoja ambao Mama atauvaa kifuani, nakala ziko kwenye sanduku, picha ziko kwenye simu yangu na ya Mjomba. Nyuma ya kila nakala nimeandika namba zetu za simu. Dawa zake za presha nimeziandikia karatasi yake, na daktari akagonga mhuri. Baba yako umfanyie hivyo hivyo kwa dawa za sukari, kwa jina la dawa lenyewe kwa Kiingereza, maana wa huko hawatajua "kile kidonge cheupe cha asubuhi".

Kesho ukienda zahanati, nipigie ukiwa pale pale, kabla hujaondoka dirishani. Nitakuwa nimeshika simu. Wakisema daftari limepelekwa wilayani, uliza jina la kitengo na siku ya kwenda, usikubali "njoo wiki ijayo".

Jana Mama amefungua sanduku. Gauni limekaa salama, lina alama ndogo ya njano begani, ameliloweka na kulianika kivulini, leo analifukiza udi. Anamsalimu Baba sana. Anauliza kama ameanza kutembea asubuhi, maana yeye sasa anakwenda mpaka Raskazone na kurudi, na anasema akimkuta Baba amechoka pale Arafa hatamngoja.

Ni mimi mwenzio,
Mwanaidi