Daktari rezidenti si mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea kumwita "mwanafunzi wa udaktari" mtu ambaye Marekani anaitwa rezidenti, yaani daktari aliyehitimu anayesomea ubingwa. Wengine huandika "daktari mkazi", kana kwamba habari inahusu upangaji wa nyumba. Tunaomba nafasi tulisahihishe jambo hili, maana kosa la gazetini hufika hadi kitandani kwa mgonjwa. Hapa Iowa City, mji wa chuo kikuu wenye Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, si ajabu familia kumkatalia daktari wa zamu kwa kuwa imeletewa "mwanafunzi", nayo inamtaka munganga (ndivyo Wakongomani wanavyomwita daktari) mwenyewe. Saa 9 usiku katika chumba cha dharura, munganga mwenyewe ndiye huyo.

Tuanze na ngazi. Mwanafunzi hajahitimu na hawezi kuandika dawa kwa mamlaka yake. Watanzania wana daktari tarajali, Wakenya humwita mwanagenzi: amehitimu, yuko katika mafunzo ya kazini kabla ya kusimama peke yake. Rezidenti wa mwaka wa kwanza unaweza kumlinganisha na huyo, na kuanzia mwaka wa pili amempita. Marekani amekaa darasani miaka 4 ya shahada ya kwanza na 4 ya udaktari; kisha Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi, siku moja kwa nchi nzima, anaambiwa amepangiwa hospitali gani, na kazi inaanza karibu na Julai mosi. Ubingwa wa tiba ya dharura hapa ni miaka 3. Kwingine, kama Ann Arbor kule Michigan, ni 4. Jambo lenyewe si geni kwetu: Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kufundisha ubingwa huu mwaka 2010, na wanaousomea pale ni madaktari kamili.

Juu ya rezidenti kuna daktari bingwa msimamizi, naye yumo humo humo idarani usiku na mchana, hayuko nyumbani akisubiri simu. Mwenye wasiwasi aulize tu: "Msimamizi wa zamu ni nani, na ataniona saa ngapi?" Hakuna anayeudhika kwa swali hilo. Linaloudhi, na linalochelewesha tiba, ni kukataa kuguswa.

Watu huuliza: kama ni daktari, anajifunza nini tena? Anajifunza mikono. Chombo kinachosimamia mafunzo haya kimeweka idadi ambayo kila rezidenti wa dharura lazima aifikishe kabla hajahitimu: kuingiza mpira wa kupumulia kwenye koo mara 35, kuweka mrija kwenye mshipa mkubwa mara 20, kuweka bomba la kifuani 10, kuchoma sindano ya uti wa mgongo 15, kuzalisha 10, kurudisha viungo vilivyoteguka 10, kusimamia ufufuaji (uokoaji wa aliye karibu kufa) wa mtu mzima mgonjwa 45 na wa majeruhi 35, na vipimo vya ultrasaundi 150. Kupasua koo ili kufungua njia ya hewa ni mara 3 tu, na zote huruhusiwa kufanywa kwenye sanamu, kwa sababu ni tukio la nadra mno. Ukingoja mgonjwa wa kweli utahitimu hujawahi kushika kisu hicho. Kila moja huandikwa kwenye daftari la kompyuta na msimamizi huthibitisha. Kwa hiyo ukiona daktari kijana anafanya kazi huku mwenzake mwenye mvi amesimama pembeni mikono nyuma, usidhani unafanyiwa majaribio. Yule mwenye mvi ndiye anayehesabu.

Kuhusu saa za kazi, huko nyumbani bado inasimuliwa kwamba madaktari hawa hawalali siku mbili. Katika chumba cha dharura sheria ni tofauti na wodini. Zamu haizidi saa 12, na mapumziko ya baada yake hayapungui urefu wa zamu iliyopita. Saa za kuona wagonjwa hazizidi 60 kwa wiki, na ukijumlisha na madarasa hazitakiwi kuvuka 72. Siku moja katika saba ni yake. Akihamishiwa wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) au upasuaji ndipo anakutana na zile saa 80 zinazosimuliwa, kwa wastani wa wiki 4, pamoja na mikesha ya saa 24.

Kinachomchosha rezidenti wa dharura, kwa hiyo, si wingi wa saa peke yake. Ni kuhamahama: Jumatatu anaingia saa 1 asubuhi, Alhamisi saa 9 alasiri, Jumapili saa 5 usiku. Mwili huhama kwa urahisi kuelekea mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Ukirudishwa nyuma unagoma. Ratiba inayomtoa mtu usiku na kumrudisha asubuhi baada ya siku moja ni ratiba mbovu hata kama jumla ya saa ni halali. Anayejua kazi hii hanywi kahawa katika nusu ya pili ya zamu ya usiku, hufunika dirisha la chumbani kwa pazia zito, na kabla ya kushika usukani asubuhi hulala dakika 20 hospitalini. Barabara ya kurudi nyumbani ni hatari kwake kuliko wagonjwa wote aliowahudumia.

Sasa mji wenyewe. Iowa City ina wakazi wapatao 75,000, na uwanja wa mpira wa chuo, Kinnick, unachukua karibu 69,000. Uwanja huo uko ng'ambo ya barabara tu kutoka hospitali. Tangu mwaka 2017 robo ya kwanza ya mchezo ikiisha uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa ghorofa za juu, jambo ambalo hata wasiojali mpira huo wa Kimarekani hulisubiri. Kwa chumba cha dharura, Jumamosi ya mechi ni hesabu nyingine. Mpira ukianza saa 5 asubuhi, bia imeanza saa 1. Kwa hiyo mlevi wa kwanza anafika wakati ambapo mji mwingine wowote uko kwenye chai. Nyuma yake yuko mzee aliyepanda ngazi za jukwaani kifua kikambana, ambaye kipimo chake cha umeme wa moyo lazima kiwe kimechukuliwa na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Na kwa kuwa Iowa ni jimbo la mahindi, majira hayo hayo ya mavuno huleta mkulima aliyenaswa mkono kwenye parafujo la kupandishia nafaka. Wote watatu wanapewa namba ya uzito wa hali yao, 1 hadi 5, na anayeitwa kwanza ni mwenye namba ndogo hata kama aliingia mwisho. Ukikaa saa nne kwenye kiti ukiwa na namba 4, tunakupa pole, lakini hiyo ni habari njema kuhusu mwili wako.

Mlevi ndiye anayetega. Hatua za mwanzo ni zile zile kila mara: mlaze ubavu, sikiliza pumzi, choma kidole upime sukari, pima joto la mwili, mvue kofia na upitishe vidole nyuma ya kichwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kijana aliyeanguka kwenye ngazi akavuja damu ndani ya fuvu ananuka bia sawasawa na mwenzake asiye na jeraha. Makosa mengi hutokea wakati wa kupokezana zamu: anayeondoka anasema "kitanda cha 12 ni mlevi, tunasubiri aamke", na neno "mlevi" likishasemwa linagandamana na mgonjwa kama lebo kwenye chupa. Dawa yake ni hesabu. Pombe hushuka kwenye damu kwa miligramu 15 hadi 20 katika kila desilita kwa saa. Aliyekuwa na 240 saa 6 usiku, saa 12 asubuhi anatakiwa awe kati ya 120 na 150, kiwango ambacho kijana wa chuo anaongea na kuomba simu yake. Kama bado hafumbui macho, huyo halali usingizi wa pombe, na kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kisingoje zamu ifike mwisho. Heri kisingengoja kabisa.

Wazazi mlio na watoto katika miji ya namna hii, waambieni mambo mawili. Kwanza, kahawa na maji baridi hayapunguzi pombe hata tone. Anayekoroma kwa kukatakata, ambaye haamki ukimfinya, au ambaye midomo imegeuka rangi, anapigiwa 911, namba ya dharura ya Marekani. Pili, woga wa polisi usiwazuie. Katika baa za Iowa City mtu aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kubaki baada ya saa 4 usiku, hivyo wengi wa umri huo hunywea majumbani, ambako hakuna mtu mzima. Lakini sheria ya jimbo inamkinga kijana anayepiga simu kumwokoa mwenzake, ilimradi abaki naye mpaka msaada ufike, ataje jina lake na awape ushirikiano wahudumu. Anayekimbia baada ya kupiga simu anaupoteza ulinzi huo na, baya zaidi, anamwacha mgonjwa chali.

Tunakuja kwenye Kiswahili, ambako tungependa magazeti yenu yatusaidie zaidi. Kosa kubwa kuliko yote ni la saa. Mama anapooza upande mmoja wakati wa chakula cha jioni, analetwa saa 4 usiku, mwanawe anasema kwa Kiingereza chake: "ilianza saa mbili". Kwetu hiyo ni saa mbili usiku, saa mbili zilizopita, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani bado inaruhusiwa, kwa sababu mwisho wake ni saa nne na nusu tangu dalili zianze. Daktari wa Kimarekani akisikia "mbili" anaandika saa mbili ya kwao, yaani saa nane mchana. Zimepita saa nane. Dawa haitolewi. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea, na mama anabaki na mkono usionyanyuka. Hesabu hiyo hiyo humwumiza aliyemeza Panadol nyingi kupita kiasi, maana kipimo chake cha damu husomwa kwa kuhesabu saa tangu alipomeza, na dawa ya kumwokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla ya saa 8 kupita. Siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima kabisa wakati ini linaharibika. Basi ukiulizwa saa, usitaje namba kwa mdomo tu: onyesha kwenye simu, au sema zimepita saa ngapi. Na hiyo Panadol Wamarekani wanaiita asetaminofeni. Ukisema parasetamo, baadhi yao watatafuta kwanza kwenye kompyuta.

Mwili nao una mitego. "Mguu unauma" kwetu ni kuanzia nyonga hadi kidole, "mkono" ni kuanzia bega. Eksirei hupigwa mahali pamoja, kwa hiyo gusa panapouma. "Homa" kwa Mtanzania ni joto la mwili, kwa Wakenya wengi ni mafua, na mkalimani asiyeuliza mgonjwa ametoka wapi atatafsiri anavyojua yeye. Aliyerudi Afrika likizo akapata joto aseme mapema, pamoja na tarehe aliyoshuka ndege, maana hapa malaria si jambo la kwanza kumjia mtu akilini. Damu ikipimwa mara moja ikakosa wadudu haijamaliza ubishi. Hurudiwa kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka mara tatu.

Mkalimani ni haki ya mgonjwa, na mgonjwa hamlipi. Mara nyingi ni sauti kwenye simu au sura kwenye kioo cha kishikwambi, na anapatikana hata usiku. Mtoto wa miaka 11 asitumwe kumwambia mama yake kuwa mimba imetoka. Dirishani utaulizwa lugha: jibu "Swahili", kisha ongeza nchi, Kongo, Burundi au Tanzania, ili apatikane anayekuelewa. Asiye na bima naye asirudi nyumbani kwa kuogopa gharama, kwani sheria ya mwaka 1986 inailazimu idara ya dharura impime na kumtuliza kwanza. Bili itakuja baadaye, hilo hatulifichi, na ofisi ya msaada wa malipo iombwe mapema.

Kwa upande wenu, Mhariri, ombi ni dogo. Mnapoandika habari za hospitali, andikeni "daktari rezidenti", au kama nafasi ipo, "daktari anayesomea ubingwa". Na mnapotaja saa katika habari ya ng'ambo, ongezeni "usiku" au "mchana".

Ni sisi,
Madaktari wawili wa tiba ya dharura na mkalimani mmoja,
Iowa City, Marekani