Kitunguu saumu hakikuzi kucha, mhariri

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu ile makala ya ukurasa wenu wa urembo, ile iliyoahidi kucha ndefu za asili ndani ya wiki moja kwa kusugulia kitunguu saumu na ndimu. Mimi kazi yangu ni kucha, niko Mbagala, nabandika, natengeneza, nasafisha, na tangu gazeti litoke wateja wanakuja vidole vinanuka kitunguu mpaka najiuliza leo ni saluni au jikoni.

Kwanza hiyo wiki moja haipo. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, basi, ikizidi inazidi kidogo, na kutoka kwenye mzizi mpaka kufika nchani inachukua kama nusu mwaka, za miguuni ndo usiseme, mwaka na zaidi. Kuna daktari mmoja Mmarekani, William Bean, alijipima kucha yake mwenyewe miaka 35, anakwaruza kaalama pale ukucha wa dole gumba unapoanzia anasubiri kafike juu, akiwa na miaka 32 ilikuwa inakua milimita 0.123 kwa siku, alipofika 67 ikawa 0.095. Ndo hivyo, umri ukienda na kucha nayo inapunguza mwendo. Na wala hatuhitaji Mmarekani, dada yeyote aliyepakwa hina kwenye harusi anajua, rangi haitoki kwenye kucha, inapanda tu taratibu huku chini panaonekana peupe, miezi inapita bado kuna wekundu kule juu. Hiyo ndo rula yako ya bure. Ile kucha unayoiona kwa macho imeshakufa, kinachoishi ni mzizi uliojificha chini ya ngozi, sasa hicho kitunguu unachosugua juu kinaufikiaje?

Ila wadada wengi wanaolalamika kwangu "kucha zangu hazikui" kucha zao zinakua vizuri kabisa, shida yao ni kukatika. Zinakua milimita 3 zinakatika milimita 3, mwisho wa mwezi wako palepale. Na kinachozikata namba moja ni maji, watu hawaamini nikiwaambia. Kucha inakunywa maji inavimba, ikikauka inasinyaa, ikivimba tena ikisinyaa tena mwisho inaachana matabaka matabaka kama plaiwudi iliyonyeshewa. Sasa mfikirie mama anafua nguo za watoto kwenye beseni asubuhi, anaosha vyombo, anapiga deki, mchana vyombo tena, na hapo kuna sabuni ya unga kali na wengine wanaongeza jiki, mafuta yote yanaondoka kwenye kucha. Halafu mtu huyo mnamwambia aongeze ndimu! Ndimu ni asidi jamani, ukiipaka kila siku unazidi kukausha.

Dawa ya hapo ni glavu za mpira za kufulia. Najua mtaani ukifua na glavu watakucheka, utaambiwa umekuwa mzungu au una kinyaa na nguo za mume wako, waache wacheke. Tena za ndani ziwe na kitambaa kama unaweza, na usikae nazo masaa mengi maana mkono unatoka jasho inakuwa yaleyale ya maji. Ukimaliza kazi za maji unakausha mikono unapaka mafuta, ya nazi, ya mgando, yoyote yale, unasugulia mpaka pale ukucha unapoanzia na pembeni. Usiku kabla ya kulala hivyohivyo. Wateja wangu wanaotunza kucha zao wengi hiyo ndo siri yao, hawana kingine.

Kukata nako kuna adabu yake. Kata ukitoka kuoga zikiwa laini, zikiwa kavu zinapasuka. Lakini tupa ipitishe zikiwa zimekauka, na ipeleke upande mmoja, sio kwenda na kurudi kama unakata chuma. Kama zako dhaifu ziache fupi kwa muda mpaka zipate nguvu, hamna aibu. Halafu kuna kitu tunafanya sana sisi wa saluni na wateja ndo wanataka, kukata ile ngozi nyembamba inayofunga pale kucha inapoanzia, eti "dada nitolee nyama zote". Ile ngozi ndo mlango, ukiutoa wadudu wanaingia, keshokutwa kidole kimevimba usaha pembeni usiku hulali. Mimi naisukuma kidogo tu ikiwa imelainika, anayetaka ikatwe aende kwingine.

Kuhusu bandia nitasema ukweli japo zinanilisha. Kucha ya bandia yenyewe sio adui mkubwa hivyo, mwaka 2018 Spika Ndugai alipopiga marufuku kucha na kope za bandia kwa wabunge bungeni watu walidhani biashara imekufa, haikufa. Kinachoua kucha ni kusagwa na ile mashine kabla ya kubandika, mtu anasaga mpaka ukucha unakuwa kama karatasi na unasikia moto, na kubandua kwa nguvu, wengine wanabandua kwa meno wakiwa kwenye daladala. Ukibandua hivyo unaondoka na tabaka la kucha yako, na hilo halirudi, unasubiri ukucha mpya upande, ile nusu mwaka niliyosema. Na ukiona vidole vinawasha au vinatoka malengelenge baada ya kuwekewa kucha za bandia za jeli au akriliki, mwili umekataa hiyo dawa, usirudie tena hata ubembelezwe.

Vidonge vya bayotini, ile vitamini, navyo mliviandika kama pipi. Kwa mtu anayekula mayai, karanga na maharage upungufu wake ni nadra. Halafu mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo 2017 kwamba bayotini nyingi inaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu, mpaka vile vya moyo, kwahiyo kama unameza mwambie daktari kabla hajakupima. Kinachowasumbua wanawake wengi ni damu kupungua, ukikosa madini chuma kucha zinalainika, zikizidi zinabonyea katikati zinakuwa kama kijiko. Hapo nenda kapime damu, na ule dagaa, maini, maharage na mboga za majani, na ile chai ya rangi ya pamoja na chakula isogeze mbele maana inazuia madini chuma yasiingie mwilini vizuri.

Na madoa meupe sio kukosa kalsiamu kama mlivyoandika, mara nyingi ukucha uligongwa kidogo hata wewe hukumbuki, unapanda nalo linaisha. Mstari mweusi ndo wa kuangalia. Sisi weusi wengi tunayo mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa na ni ya kawaida, ila ukitokea mmoja mpya kwenye kucha moja, unapanuka, au weusi unaingia mpaka kwenye ngozi, usiupakie rangi kuuficha, nenda hospitali. Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa dole la mguu, ikagundulika 1977 kuwa ni saratani, 1981 akafariki. Mimi nikiuona kwa mteja simpaki kitu, namwambia akaonyeshe kwanza, kuna ambao wamekasirika.

Ombi langu mhariri, mkiandika tena mambo ya kucha muulizeni daktari wa ngozi, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa nchi mbalimbali za Afrika, simu tu inatosha. Na kama nafasi ni ndogo toeni kitunguu muweke glavu.

Halafu ile picha mliyoweka ya "kucha za asili", zile ni akriliki. Nimezikuza kwenye simu, kidole cha pete mpaka gundi inaonekana.

Mbandika kucha,
Mbagala, Dar es Salaam