Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: maboksi ya mifupa yarudi ndani

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale na wanyamapori,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako. Barua zangu tatu za mwanzo zilipita njia ya kawaida, kwa mkuu wa kitengo. Zote zilipigwa mhuri wa kupokelewa na hakuna iliyojibiwa. Hii naiandika hadharani kwa sababu ya nilichokikuta Jumatatu asubuhi.

Nilikuta maboksi ya mifupa ya kale ya wanyama, iliyofukuliwa ardhini, yametolewa ghalani na kurundikwa kwenye baraza ya nyuma, yamefika usawa wa kifua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikaliinua la juu, kitako kikaachia, mifupa ikamwagika miguuni pangu: taya la swala, vipande vya mbavu, pingili za samaki ndogo kama punje za mtama. Kwenye mfuko mmoja kibandiko kilikuwa kimelowa hadi kuwa rojo. Nilikielekeza kwenye mwanga, nikaambulia tarakimu moja tu, 4. Ni tabaka la 4? Shimo la 4? Mfuko wa 4 kati ya mingapi? Aliyeandika amekwishafariki. Mifupa ile bado ni mifupa, lakini haina tena mahali ilipotoka wala wakati wake, na bila hivyo viwili haina la kutuambia.

Nimeelezwa kwamba nafasi ilihitajika kwa ajili ya viti vya mkutano. Nadhani aliyetoa amri alitazama vyungu na shanga akaona ni mali, akaviacha ndani, kisha akatazama mifupa akaona ni takataka za jikoni. Mheshimiwa, ni takataka za jikoni kweli, na ndiyo maana tunazihitaji. Maandishi ya kale yanatusimulia zaidi mawindo ya wakubwa. Jalala ndilo linaloonyesha watu wa kawaida walikula mnyama gani, wa umri gani, na lini mnyama huyo alianza kuadimika.

Kazi hii nimeifanya miaka 11. Chukua mfupa wa paja, ulaze chini ya lenzi, taa iinamishe itokee ubavuni. Alama ya kisu cha jiwe ni mfereji mwembamba wenye umbo la herufi V, na ndani yake kuna mistari midogo inayokwenda sambamba. Jino la fisi huacha mfereji mpana, wa mviringo, au kishimo. Alama mbili zikikutana, unatafuta ipi imepita juu ya nyenzake. Jino likiwa juu ya kisu, mtu alitangulia kwenye mzoga na fisi akaja kuokota masalia. Kisu kikiwa juu ya jino, aliyeokota masalia ni mtu. Mfupa mmoja unaweza kunichukua asubuhi nzima, na macho yangu yamelipa gharama ya asubuhi hizo.

Nakuomba utafakari habari ya Bonde la Olduvai kule Tanzania. Mwaka 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey na wenzake walianza kufukua uwanja wenye mifupa ya wanyama na zana za mawe, wenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Alama za visu kwenye mifupa ile zilikuja kutambuliwa na kutangazwa mwaka 1981. Zaidi ya miaka 20! Mifupa ilikuwapo muda wote huo, imetunzwa na vibandiko vyake, ikisubiri mtu mwenye swali jipya na njia ya kulijibu. Mjadala wa lini binadamu alianza kushindana na simba na fisi kwa nyama unasimama juu ya mifupa hiyo. Ingelazwa barazani usiku mmoja wa mvua, tungekuwa tunabahatisha hadi leo.

Au tazama pembe za ndovu zilizopatikana mwaka 2008 pwani ya Namibia, katika mabaki ya meli ya Kireno Bom Jesus iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India. Zilikuwa zaidi ya 100. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vyake, na ikabainika kwamba zilitoka kwa tembo wa msituni wa Afrika Magharibi, wa koo 17 zinazofuatwa kwa upande wa mama. Kati ya koo hizo 17, ni 4 tu zinazojulikana kwa tembo walio hai leo. Kemia ya pembe zenyewe ilionyesha kwamba tembo hao hawakuwa wakiishi ndani ya msitu mnene peke yake; walikula pia kwenye maeneo ya miti iliyochanganyika na nyasi. Kwa anayepanga leo tembo hao wahifadhiwe wapi, hilo si jambo dogo. Nalo limetoka kwenye vitu vilivyotunzwa baada ya kufukuliwa.

Wataalamu wako huhesabu wanyama kutoka angani na kulinganisha na hesabu za miongo michache iliyopita. Sina ugomvi nao, ila wanaanzia katikati ya hadithi. New Zealand, ndege wakubwa waitwao moa walitoweka ndani ya karne mbili hivi tangu watu wafike huko, na mifupa yao imejaa kwenye majiko ya kale. Anayehesabu ndege wa huko leo hawezi hata kuona pengo lao. Lakini mambo ya kale hayatuletei mashtaka tu. Narok, kusini magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima udongo wa maboma ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Samadi ya mifugo yao bado inarutubisha ardhi ile. Nyasi zinaota nzuri, na wanyamapori wanazifuata. Wafugaji waliondoka zamani, malisho waliyoyaacha yanaliwa na swala mpaka sasa. Kila mara nikisikia kikao kikijadili watu na wanyama kana kwamba upande mmoja lazima uufukuze mwingine, nakumbuka udongo huo, na natamani kuuliza swali hilohilo kwa mifupa tuliyonayo. Sasa nitaiuliza vipi?

Mwaka juzi ulitutembelea. Ulishika lile taya la swala mkononi, nikakuonyesha jinsi tunavyosoma umri kwenye meno, ukasema mbele yetu sote kwamba ghala litapata rafu na paa jipya kabla ya mwaka kwisha. Niliamini. Nilianza kuandika vibandiko upya kwa penseli, kwa sababu wino hutoka ukiloa, na penseli na mifuko nilinunua mwenyewe. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Hilo nililikubali. Nilichoshindwa kukikubali ni kuona kazi ya watu waliochuchumaa mashimoni na kuchekecha udongo ndoo kwa ndoo ikiyeyuka kwa usiku mmoja.

Barua yangu ya kwanza iliomba maabara, darubini, wasaidizi wawili na rafu za chuma. Ya pili iliomba rafu na paa. Ya tatu, paa tu. Hii inaomba kidogo zaidi: maboksi yarudi ndani. Paa linavuja upande mmoja. Upande wa pili ni mkavu, na yanaenea pale bila viti kuguswa. Nimepima.

Maboksi 41 bado yako barazani, nimeyafunika kwa turubai langu. Funguo anazo msimamizi wa majengo, naye anasema hawezi kufungua bila agizo kutoka ofisini kwako. Mheshimiwa, naomba agizo hilo litoke leo, kwa simu tu. Mawingu yamekwishatanda tena.

Wako mtiifu,
Mtunza mifupa