Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Halmashauri yetu: Mwanangu hakupelekwa shule kuwa onyesho

Ndugu Afisa Elimu,

Yah: Watoto wa Kihadzabe kudhalilishwa shuleni

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nne katika shule ya msingi yenye bweni, huku kwetu bonde la Ziwa Eyasi. Jina la shule silitaji, kwa kuwa wewe unaijua vizuri: mwezi huu ulikuwa mgeni rasmi katika mahafali yake ya darasa la saba, ukakaa kiti cha mbele chini ya turubai, na mengi ninayotaka kuyasema uliyaona kwa macho yako. Barua za kawaida nimekwisha kukuandikia, kupitia kwa mwalimu mkuu na kupitia ofisi ya kata, na hazikujibiwa. Ndiyo maana hii nimeiacha wazi, waisome na wengine.

Nikukumbushe, kwa heshima zote, yaliyotokea baada ya ngonjera na kabla ya chakula. Mshereheshaji, ambaye ni mwalimu wa shule hiyo, alitangaza kwamba sasa wageni wanaletewa "ndugu zetu wa porini". Watoto wetu wakatolewa nyuma ya darasa wakiwa vifua wazi, wamefungwa viunoni ngozi za mbuzi zilizokuwa bado zinanuka, mikononi wameshika pinde za fito zenye kamba za katani. Upinde wa Mhadzabe hufungwa kano ya mnyama, na hakuna mwanamume wa kwetu ambaye angetoka kambini na kitu cha namna ile, lakini hilo tuliache. Wakaamriwa waruke, wakaamriwa wapekeche moto, kisha mwanangu akapewa kipaza sauti aongee "ile lugha yenu ya kugonga ulimi". Akasema maneno machache, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mshereheshaji akatia na utani wa nyama ya nyani, watu wakacheka tena, nawe ndugu uliinuka ukaenda kumtuza mtoto noti ya shilingi 5,000. Noti hiyo nimeiambatisha kwenye nakala ya barua hii niliyoiacha masjala. Naomba uipokee.

Usichokijua ni kwamba mtoto yule alikuwa amejiandaa kusoma shairi, tena la Kiswahili, kuhusu kutunza vyanzo vya maji. Alikuwa amelikariri lote. Asubuhi ya mahafali shairi akapewa mwenzake, yeye akaambiwa kwamba ameshawekwa kwenye kikundi cha utamaduni. Usiku ule ule alitoroka bwenini pamoja na wenzake wawili, wakapita kwenye vichaka ambavyo hata sisi watu wazima hatuvipiti gizani bila sababu, maana tembo na fisi wapo. Mpaka ninapoandika barua hii hajarudi darasani, na sijui nimrudishe kwa maneno gani.

Huenda utasema kwamba hata mimi huonyesha wageni utamaduni wetu, na ni kweli, kwa sababu kazi yangu ni kuongoza watalii. Nikiwapeleka asubuhi kutafuta asali au kuwinda, nakwenda kwa hiari yangu, kwa bei tuliyokubaliana, nikiwa mtu mzima anayeweza kumwambia mgeni aweke kamera chini pale anapovuka mpaka, na nimeshawaambia wengi. Mwanangu hakuulizwa, na wala sisi wazazi hatukuulizwa. Alivuliwa sare aliyonunuliwa kwa jasho langu akavishwa ngozi ya mbuzi, mbele ya watoto anaokaa nao dawati moja, ambao tangu siku hiyo huwaigizia ulimi watoto wetu waliobaki kila wanaponyoosha kidole kujibu swali. Haya ya kuigiziwa nimeyapata kwa binti wa kaka yangu, aliyebaki bwenini. Anasema pia kwamba wenzake hawataki kunywa kwa kikombe kimoja nao.

Ulituahidi, ndugu Afisa. Watoto wetu walipokimbia bweni kwa wingi mwaka jana, ulikuja ukakutana na wazazi chini ya mbuyu, ukasema kwa sauti ambayo wazee wangu wanaikumbuka hadi leo kwamba shule hiyo itakuwa na dawati la ulinzi wa mtoto, kwamba atatafutwa mlezi wa bweni anayejua Kihadzabe, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayeitwa kwa kabila lake badala ya jina lake. Dawati kweli lipo. Limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa ofisi, na mwalimu anayelisimamia ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa mahafali. Sasa mtoto apeleke malalamiko yake kwa nani?

Nataka niseme jambo moja kuhusu darasa lenyewe, maana nadhani huko ofisini halionekani. Katika darasa la mwanangu wamo Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wamo Wadatoga, wenye lugha ya Kinilo. Wamo Wanyisanzu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu kama walivyo wengi wa nchi hii. Na sisi Wahadzabe, watu tunaokadiriwa kuwa zaidi kidogo tu ya elfu moja, wenye lugha ambayo wataalamu mpaka sasa hawajaithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Wasomi husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kuirekodi huku kwetu. Mwalimu mwenye bahati ya kupata darasa kama hilo angeweza kufundisha kipindi kizima cha historia kwa kuwauliza tu watoto maji yanaitwaje kwao. Badala yake mtoto wa Kidatoga mwenye chale kuzunguka macho anaambiwa ametoka kuiba ng'ombe, na wa kwetu anaulizwa leo amekula nyani gani. Kwa hiyo sisemi kwamba tunaoonewa ni sisi peke yetu. Sisi ndio tulio wachache kuliko wote, na ndio wepesi wa kuondoka.

Na tukiondoka, mnaandika utoro. Kila mwaka nasikia kwenye vikao vyenu kwamba Wahadzabe hawapendi shule, wamezoea pori. Wazee wetu walikusanywa Yaeda Chini katikati ya miaka ya 1960 ili wakae kijijini, walime na wasome. Wanasimulia kwamba watu waliugua sana, waliopona wakarudi porini, na tangu hapo maneno ni yale yale, kwamba hawa hawataki maendeleo. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne nikiwa natandikwa kwa kuongea lugha ya mama yangu bwenini, na sikuacha shule. Katika malezi yetu mtoto hapigwi ovyo. Ukimpiga anaondoka, na hakuna anayemlaumu. Wala msimamo huo hauko mbali na kanuni zenu wenyewe: Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Naomba siku moja ukikague hicho kitabu, kama kipo.

Wakati huo huo mtendaji wa kijiji ameniita na kuniambia nitapigwa faini kwa mtoto wangu kuwa mtoro. Niliacha kazi ya wageni siku hiyo, wakachukuliwa na mwongozaji mwingine, nikaenda kuketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji hadi alasiri nielezwe sheria ya elimu ya lazima. Naiheshimu sheria hiyo. Lakini ipo pia Katiba, ambayo ibara yake ya 12 inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ukiwemo wa kabila. Upo Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991 na ambao katika ibara ya 30 unamhakikishia mtoto wa jamii ndogo haki ya kufurahia utamaduni wake na kutumia lugha yake. Mzazi akikosea anaitwa kwenye benchi. Shule ikikosea inapewa mgeni rasmi.

Sitaki kuamini kwamba mwalimu yule ana chuki. Nahisi aliona magari ya watalii yanavyopita kuja kambini kwetu, akafikiri wageni wa mahafali nao watafurahia na kuchangia ujenzi wa choo, ambacho kweli hakijakamilika. Pengine hata alidhani anautukuza utamaduni wetu, kwa kuwa siku hizi utamaduni unatajwa katika kila hotuba. Pengine pia hakuna aliyemweleza lolote siku anaripoti huku kwetu, zaidi ya kumwambia kwamba maji ni ya shida na mtandao haushiki. Hayo ni makisio yangu, na wewe mwenye mamlaka ya kumwita na kumuuliza bado unaweza kufanya hivyo.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi: mlezi wa bweni anayejua lugha yetu, semina kwa walimu, Mhadzabe mmoja katika kamati ya shule, dawati lihamishiwe kwa mwalimu mwingine. Yote bado nayaomba. Lakini upimaji wa darasa la nne uko mwezi ujao, mtoto ana kichwa kizuri cha hesabu, na kila siku anayokaa kambini ni siku inayompotea, kwa hiyo kwa sasa naomba jambo moja tu. Mwandikie mwalimu mkuu barua, yenye saini na muhuri wako, kwamba watoto hawa watatu wapokelewe bila kiboko, bila kupigishwa magoti mstarini na bila kuulizwa chochote mbele ya wenzao, na kwamba waitwe kwa majina yaliyomo kwenye daftari la mahudhurio. Usipige simu, maana ya simu hayana ushahidi. Nakala nipatie mimi, nitakayoishika mkononi siku ya kumrudisha, ili kwanza nimsomee yeye mwenyewe, kwa sababu ameniambia hatarudi kwa ahadi ya mdomo, na sina la kumjibu.

Barua hiyo ikiwa tayari kabla ya Jumatatu, nitakuja kuichukua mwenyewe masjala.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Bonde la Ziwa Eyasi

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mtendaji wa Kata, Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri