Kundi la simu lisichukue nafasi ya faili la mtoto

Mhariri,

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo na kifafa, anayelishwa kwa mpira unaopeleka chakula tumboni, huhitaji daktari wa mishipa ya fahamu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtaalamu wa lishe na muuguzi, ambao mara nyingi hawafanyi kazi mahali pamoja. Ndiyo maana naunga mkono kuwaunganisha, pamoja na mzazi, katika kundi la WhatsApp: video fupi ya degedege iliyorekodiwa nyumbani humfaa daktari kuliko maelezo marefu ya mzazi aliyetaharuki.

Hata hivyo, ujumbe unaosema "mwongezeeni 5" ni wa hatari, kwa kuwa dawa ya maji humiminwa kwa mililita ilhali nguvu yake huhesabiwa kwa miligramu, na kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake. Badiliko la dozi liandikwe kwa ukamilifu na kuingizwa kwenye faili siku hiyo hiyo. Usimbaji wa ujumbe, yaani kuufunga ili asiye kundini asiweze kuusoma, unaosifiwa mno, hauzuii picha ya mtoto kubaki katika simu ya mtumishi aliyekwisha kuhama. Mzazi aombwe ridhaa mapema.

Na degedege lisilokoma kwa dakika 5 si la kuandikiwa ujumbe kundini, bali ni la kumkimbiza mtoto hospitalini.

Wenu,
Msomaji