Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam: sauti tunazo, majalada mnayo ninyi

Mstahiki Meya,

Nakuandikia kama mkazi wa jiji lako na mtayarishaji wa podikasti ndogo inayosimulia habari za Dar es Salaam ambazo vipeperushi vya watalii havina. Sikuombi fedha. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua barua nyingi zinazofika mezani kwako huishia hapo.

Nizungumzie Kariakoo tu, maana jiji zima litatushinda. Watu wanashuka mwendokasi pale Msimbazi, wananunua vitenge na vioo vya simu, wanarudi Mbagala na Kimara. Wangapi wamewahi kuambiwa kwamba Waingereza, baada ya kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, walilifanya eneo lile kambi ya wapagazi? Walikuwa watu waliobebeshwa risasi na unga kuwafuata wanajeshi porini. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, na maradhi na njaa viliwamaliza wengi kuliko bunduki. Sasa nenda Posta ukaitazame Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Juu kasimama mwanajeshi na singe yake. Mpagazi kaachiwa nafasi katika maandishi ya chini. Ndiyo maana kipindi chetu cha kwanza tulimpa mpagazi.

Na soko lenyewe! Watu wanalikumbuka kwa moto wa Julai 2021. Ni haki yao, walipoteza mitaji. Lakini jengo lile lililofunguliwa 1975 ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania, na zile nguzo zilizofunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo zilichorwa hivyo ili zikinge maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi chini ya ardhi. Kabla ya jengo hilo palikuwa na soko la zamani, ambalo miaka ya 1950 Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa markiti masta wake, yaani msimamizi wa soko. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, alifikia nyumbani kwa Sykes, humo humo Kariakoo. Vijana wanaouza soksi mita chache kutoka hapo hawajui, na siwalaumu, kwani nani kawaambia?

Kuna atakayesema Makumbusho ya Taifa yapo. Yapo, na ni mazuri. Ila machinga hafungi meza yake saa nne asubuhi aende kutazama kabati la vioo. Anaweka spika moja ya simu sikioni, la pili analiachia wateja, na anasikiliza. Halafu kuna hili ambalo watu wa kamera hawalijui: bibi wa miaka themanini ukimwelekezea kamera anakwenda kuvaa khanga mpya na kuanza kusema ya kwenye mikutano. Ukiweka kinasa sauti kidogo juu ya mkeka, baada ya chai ameshasahau kama kipo.

Wazee hao wanazidi kuwa wagumu kuwapata. Zile nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele na ukumbi katikati zinauzwa, ghorofa za maduka zinapanda, na wenyewe wanahamia Chanika au Kigamboni. Tunawafuata huko huko.

Shida yetu, Mstahiki Meya, ni kwamba hadithi za barazani ni tamu lakini zinagongana. Mmoja anasema mtaa fulani ulibadilishwa jina kwa azimio la madiwani, mwingine anasema ni amri kutoka juu, wa tatu anasema kibao kiliwekwa tu usiku. New Street ikawa Lumumba, Independence Avenue ikawa Samora. Nani alipendekeza, nani alipinga, kikao gani? Hayo hayamo vichwani mwa wazee wetu, yamo katika mihtasari ya vikao. Niliwahi kuomba kuona majalada ya namna hiyo katika ofisi moja ya umma nikaulizwa mimi ni mwanafunzi wa chuo gani. Nilipojibu kwamba si mwanafunzi, mazungumzo yakafungwa.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mihtasari ya zamani iliyo mikononi mwa halmashauri yako, ile isiyo na siri tena, ifunguliwe kwa mkazi yeyote, awe na chuo au asiwe nacho, hata kama ni siku moja kwa wiki mbele ya karani. Pili, uwekwe utaratibu mmoja unaoeleweka wa kurekodi sauti sokoni na mitaani, barua moja yenye mhuri, ili tusiombe upya kwa kila mgambo na kila mlinzi wa lango.

Na kipindi cha majina ya mitaa hatujakirekodi. Kiti cha mgeni kiko wazi, ukiwa tayari kuja na jalada mkononi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ilala